Injini Aliyoifunga Huku Akijua

Kulikuwa na fundi pikipiki mmoja mwanamke, watu wakimwita Nati. Jina alilipata udogoni kwa sababu alikuwa mfupi, amekaza, na akishashika jambo haliachii. Aliolewa na mwokaji mikate, mtu mrefu na mpole ambaye mchana kutwa alikuwa na vumbi la unga kwenye nyusi. Walijaliwa mabinti pacha, na tangu hapo wakawa wanaitana Mama Pacha na Baba Pacha, hata wakati wa kugombana.

Gereji ilitazama barabara. Ukitokea mlango wa nyuma unavuka ua wenye kamba za nguo, kisha unaingia chumba cha tanuri, ambako Baba Pacha na mama yake walikanda unga juu ya meza moja ndefu. Wateja walikuwa na utani wao: pikipiki za Nati zinanukia mkate, na mikate ya mumewe, ukiiweka puani vizuri, inanukia oili.

Siku za kazi Baba Pacha alikuwa mwokaji kama waokaji wengine. Siku ya mapumziko ikifika, alivaa buti ndefu na helmeti, akaenda kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, ambako vijana, na wazee waliokataa uzee, walishindana kwa pikipiki za vumbi. Pikipiki yake ilikuwa na injini ndogo, na miaka yote alimaliza katikati. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwaka ule, mbio kubwa ya kufunga msimu ilipokaribia, akamwambia mkewe kwamba angalau mara moja maishani angependa kuona mbele yake hakuna mgongo wa mtu.

Zilikuwepo njia mbili: kuiongezea nguvu injini ile ile, au kuiondoa na kuweka nyingine. Wakaenda pamoja dukani kwa muuza spea, mtu mmoja mcheshi aliyeitwa Bwana Mpya, kwa kuwa ushauri wake kwa kila ugonjwa ulikuwa mmoja: nunua mpya.

"Shemeji," Bwana Mpya akamwambia Nati, huku akipangusa kaunta, "hiyo injini imeshakula chumvi nyingi. Iambie asante, uiache ipumzike. Ninayo nzima hapa, iko ndani ya boksi, na ina nguvu kuliko hiyo. Unatoa ya zamani, unafunga mpya, unakwenda zako kula."

"Nitachonga silinda," Nati akasema. "Naweka pistoni kubwa, naweka kabureta pana. Itaipita hiyo ya kwenye boksi."

"Shemeji, kupanua silinda si kupanua gauni!"

Dukani palikuwa na watu, na wote wakacheka. Baba Pacha naye alicheka, kidogo tu, kwa adabu, kama mtu asiyejua auweke wapi uso wake. Kicheko cha wengine Nati angekisahau kabla ya kufika nje. Cha mumewe kilimwingia kama mwiba wa samaki.

"Sikutanii tu," Bwana Mpya aliendelea, safari hii bila kucheka. "Huko juu utapanua, lakini chini kunabaki vile vile. Pistoni kubwa kwenye kranki iliyochoka ni kumtwika mzee gunia la saruji."

Njiani Baba Pacha alisema taratibu, "Mama Pacha, si tununue tu? Mambo yaishe."

"Huniamini?"

"Nakuamini."

"Basi."

Na "basi" ya Nati ilikuwa kama nati yenyewe. Ikishafungwa, hakuna wa kuilegeza.

Kesho yake aliifungua injini. Akatoa kichwa, akatoa silinda na kuipeleka kwa mkereza vyuma ipanuliwe. Alipokuwa akisubiri, alichuchumaa mbele ya kile kilichobaki. Kutoka kwenye tumbo la injini mkono wa pistoni ulikuwa umesimama peke yake, ule mkono unaoiunganisha pistoni na kranki, mhimili unaozunguka humo chini. Fundi yeyote akifika hapo lazima aushike. Ukitikisika kushoto na kulia hakuna neno, ndivyo ulivyotengenezwa. Ukitikisika juu na chini, beringi yake imekwisha.

Nati aliushika kwa vidole viwili. Akauvuta juu, akausukuma chini.

Ulicheza. Ulicheza kidogo sana, jicho lisingeona. Lakini vidole vilisikia.

Akafuta mikono, akajaribu tena. Ukacheza tena.

Alijua maana yake. Alitakiwa kuipasua injini katikati, atoe kranki, aipeleke mbali kwenye mashine ya kuigandamizia beringi mpya, na mbio ingepita ikiwa bado huko. La sivyo, arudi dukani kwa Bwana Mpya, mbele ya wale wale waliocheka, aseme: nipe ile ya kwenye boksi. Alikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi. Mama mkwe akaingia na kikombe cha chai na kipande cha mkate wa moto.

"Inakwendaje, mwanangu?"

"Inakwenda vizuri, Mama."

Ulikuwa uongo mwepesi kama pumba. Mama mkwe alipoondoka, Nati alimimina oili nyingi juu ya beringi, kana kwamba anamlainisha mtu asiseme. Silinda ilipoletwa akaipachika, akaweka gasketi, akakaza kila boliti kwa kipimo chake. Moyoni alijiambia ni mbio moja tu. Ikiisha nitaifungua, nitengeneze kila kitu, na hakuna atakayejua.

Injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, pacha walikimbia kutoka uani wakiziba masikio na kucheka. Baba Pacha aliizungusha mtaani, akarudi uso umebadilika, amekuwa mtoto.

"Mama Pacha! Inataka kuning'oa mikono!"

Kisha akainamisha kichwa, akasikiliza. "Kuna mlio fulani hapa chini. Au ni masikio yangu?"

"Pistoni mpya hiyo," Nati akasema. "Itazoea."

Hakuuliza mara ya pili. Kwa nini aulize? Aliyemjibu alikuwa mkewe, na mkewe ndiye fundi.

Siku ya mbio jua lilikuwa kali na machimbo yalijaa watu. Wengine walikaa juu ya marundo ya kokoto, wengine juu ya paa za magari. Nati alisimama karibu na mteremko mrefu, mahali ambapo njia inashuka kwa kasi kabla ya kukata kona. Mzunguko wa kwanza mumewe alipita akiwa katikati, kama ada. Mzunguko wa pili alikuwa wa nne. Baadaye akawa wa pili, kisha watu wakaanza kupiga kelele, "Mwokaji! Mwokaji!" kwa kuwa mbele yake hapakuwa na mgongo wa mtu. Nati alijikuta naye anapiga kelele. Kwa muda ule, na hili ndilo lililomtesa zaidi baadaye, alisahau kabisa. Alijawa na furaha hadi kooni. Akamtafuta Bwana Mpya kwa macho kwenye umati, apate kumwona akiona.

Alipomwona, ndipo mlio wa injini ulipokatika.

Haukufifia. Ulikatika, kama kamba. Gurudumu la nyuma likajifunga, pikipiki ikapinda ubavu, na Baba Pacha akarushwa juu ya usukani. Akatua kwa bega, akabingirika hadi kwenye kokoto. Waliomfuata walimkwepa kwa bahati tu.

Nati hakukumbuka jinsi alivyoteremka ule mteremko. Alikumbuka kupiga magoti, na mumewe akimtazama kutoka ndani ya helmeti, nyusi zimejaa vumbi jeupe kama siku zote.

"Nisamehe," mumewe akasema. "Nimeteremsha gia vibaya. Nimekuulia injini yako."

Nati alifungua mdomo. Watu walikuwa wameshawazunguka, wengine wakiulizia machela, wengine maji. Akaufunga.

Hospitalini walisema mfupa wa mtulinga umevunjika vipande vitatu na bega limechanika vibaya. Wakamfanyia upasuaji, wakamtia vyuma. Daktari alimuuliza kazi yake, na alipoambiwa uokaji akasema kwamba mkono utapona, ila kukanda unga kama zamani hawezi kuahidi.

Kitandani Baba Pacha alimsimulia kila aliyekuja kumjulia hali. Aliisimulia vizuri, kwa ishara za mkono mmoja: jinsi injini ilivyokuwa inaruka kama swala, jinsi tamaa ilivyomshika, jinsi alivyoteremsha gia mbili kwa mpigo kwenye mteremko. "Mashine haikuwa na kosa. Aliyepanda ndiye mpumbavu." Alikuwa ameiamini hadithi hiyo mwenyewe, na kila alipoisimulia ilizidi kuwa kweli. Nati alikaa pembeni ya kitanda akimenya machungwa. Aliyamenya yote, hata yasiyo na mlaji.

Bwana Mpya naye alikuja, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, "nilikudharau mbele za watu, na mbele za watu nimekuja kukiri. Ile kitu ilikuwa inakimbia. Mtu akikosea gia, hata ya kwenye boksi ingekufa."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakatikisa vichwa kukubali. Nati alijua wanamvisha kilemba cha ukoka, na hakuwa na namna ya kukivua bila kuvua na mengine. Akasema, "Asante, shemeji."

Aliporudi nyumbani alifunga mlango wa gereji mchana kweupe, akaifungua injini. Haikumchukua muda. Beringi ilikuwa imesagika kama karanga, mkono wa pistoni umekatika, na kipande kimoja kilikuwa kimetoboa ukuta wa injini kutafuta njia ya kutoka. Gia zote zilikuwa salama. Mumewe hakuwa amekosea lolote. Alivifunga vyuma vile kwenye kitambaa, akavisukuma nyuma ya makopo ya rangi chini ya meza.

Sifa zikaanza kuleta wateja. Mmoja alikuwa bibi shamba, mtaalamu wa mimea aliyezunguka vijiji vya milimani kwa pikipiki ndogo. Alitaka injini yake ipanuliwe "kama ya mwokaji." Nati alimwambia ana kazi nyingi. Kilikuwa kisingizio. Gereji ilikuwa tupu.

Nyumbani mama mkwe alikanda peke yake. Umri ulikuwa umemtupa mkono, na unga wa mikate haumwonei huruma mzee. Asubuhi moja Nati alimkuta ameegemea meza, viganja vyeupe, anavuta pumzi.

"Mama, pumzika."

"Nikipumzika nani atakanda?" Kisha yule mama akamshika mkono kwa kiganja kile chenye unga. "Mwanangu, nikwambie jambo. Siku aliyoanguka, wa kwanza niliyemlaumu ni wewe. Moyoni, sikusema. Nilijiambia ni hiyo mivyuma yako. Baadaye mwanangu akaniambia ukweli, nikaona haya. Nisamehe."

 Nati alitoka hadi kwenye kamba za nguo, akasimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa, mahali ambapo hakuna anayemwona. Watu watatu walikuwa wameshamwomba radhi kwa kosa lake, na mmoja wao amevunjika mfupa. Alijaribu kulia, machozi yakagoma. Labda nayo yalijua hayana haki.

Baba Pacha aliporuhusiwa kurudi, mkono ukiwa umefungwa kifuani, alianza kunong'onezana na mama yake. Nati akiingia wananyamaza. Alidhani wamejua. Usiku akawa hapati usingizi, mchana akidondosha spana. Kisha siku moja mkokoteni ukasimama mbele ya gereji, na Bwana Mpya mwenyewe akasaidia kushusha boksi kubwa. Pacha walirukaruka kulizunguka.

"Fungua," Baba Pacha akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu kama bwana harusi.

Ilikuwa injini. Mpya, inang'aa, imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, mirija yote imezibwa vifuniko vyekundu.

"Buti na helmeti nimeuza, na Mama ameongezea," mumewe akasema. "Mbio nimeacha. Lakini sikuweza kukaa hivi hivi. Kazi yako yote ile niliiua kwa tamaa ya dakika moja. Mimi kuomba radhi kwa maneno sijui, unanifahamu."

Mama mkwe alikuwa nyuma yake, anapangusa mikono kwenye aproni, machozi yamemlengalenga. Bwana Mpya akakohoa, akaaga haraka haraka.

Nati aliitazama ile injini. Akasikia sauti yake mwenyewe, kavu, kama ya mtu mwingine anayesoma tangazo.

"Hukukosea gia."

"Nini?"

"Hukukosea gia, Baba Pacha. Beringi ya kranki ilikuwa imekwisha. Nilijua kabla sijaifunga. Niliushika mkono wa pistoni ukacheza, nikajua, nikaifunga. Uliponiuliza mlio ule, nilijua pia."

 Mmoja wa pacha akauliza, "Mama, tuifungue?" na bibi yake akawashika mikono wote wawili, akawapeleka uani bila kugeuka nyuma.

Baba Pacha alikaa kwenye stuli ya wateja. Tabasamu lilikuwa bado halijamwisha usoni, limesahauliwa pale.

"Kwa nini?"

"Walinicheka dukani. Na wewe ulicheka."

"Mimi?" Alifikiri, akitafuta. Nati akaona kwamba hakumbuki. Kitu kile kilichomchoma hata kikamfanya amweke mumewe juu ya chuma kinachovunjika, mwenyewe hakumbuki. "Nilicheka," mumewe akasema mwishowe, si kwa kukumbuka, bali kama mtu anayepokea mzigo akitaka kuujua uzito wake. Kisha akainuka, akaenda zake chumbani, akaegesha mlango taratibu. Nati angependa zaidi kama angeubamiza.

Zikafuata siku za kimya. Salamu zilikuwepo, chakula kilikuwepo, "wapelekee watoto sabuni" ilikuwepo. Mama mkwe aliacha kumwita mwanangu. Nati hakulalamika. Alikwenda dukani, akasubiri watu wajae, akamweleza Bwana Mpya yote kwa sauti ya kusikika. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Ungerudi siku ile ningekucheka, sikufichi," Bwana Mpya akasema. "Halafu ningekupa injini."

"Najua."

Akampitia na bibi shamba, akamwambia ukweli kuhusu injini ya mwokaji, kisha akamwambia kama bado anamtaka yeye awe fundi wake, ataipasua yote hadi chini kwanza. Bibi shamba alisema atafikiri. Hakurudi, na Nati hakumlaumu.

Jioni moja Baba Pacha aliingia gereji. "Nionyeshe," akasema.

Nati alitoa kile kitambaa nyuma ya makopo ya rangi. Mumewe akaweka kipande cha mkono wa pistoni kwenye kiganja cha kushoto, akakipima uzito, akakigeuza upande uliokatika.

"Ungeniambia, ningeipanda hivyo hivyo," akasema. "Unanijua. Ningesema twende, liwalo na liwe. Hapo ndipo panaponiuma. Ulininyima hata nafasi ya kuwa mjinga kwa hiari yangu."

"Ndiyo."

"Usiseme ndiyo tu."

"Sina lingine la kusema. Nikisema nisamehe, nitakuwa nakuongezea kazi."

 Mumewe hakusema amemsamehe. Alikiweka kile chuma mezani, juu ya meza na si chini yake, akasema, "Hiyo mpya ifunge. Mikate inahitaji kupelekwa madukani, na mimi siwezi kushika usukani."

Kwa hiyo Nati akafunga injini ya kwenye boksi. Kazi ilikuwa rahisi, kama alivyoambiwa. Asubuhi akawa anapeleka mikate kwa pikipiki ile, na kabla ya hapo, tena bila kuombwa, alianza kuingia chumba cha tanuri na kusimama upande wa meza aliokuwa akisimama mumewe. Mama mkwe alimwacha siku ya kwanza ahangaike peke yake. Siku ya pili akasema, bila kumtazama, "Unausukuma kama una ugomvi nao. Tumia kiganja, usitumie hasira." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizomwambia tangu siku ya boksi.

Mikate ya kwanza iliyotoka mikononi mwa Nati ilikuwa migumu, imevimba upande mmoja. Baba Pacha aliketi mlangoni mwa chumba cha tanuri, mkono mzima juu ya goti. Akapewa kipande. Alikitafuna. Akaendelea kukitafuna. Pacha wakamkodolea macho, mama yake akaacha kufagia.

"Huu," akasema alipofaulu kumeza, "hata mbio ungemaliza bila kuvunjika."

Mama mkwe akaangua kicheko asichokikusudia, akajiziba mdomo kwa ncha ya aproni. Pacha wakacheka kwa kuwa bibi amecheka. Nati naye alicheka, na katikati ya kicheko machozi yale yaliyogoma uani yakaja yote kwa pamoja, yakaanguka juu ya meza, juu ya unga. Mumewe alimwangalia, hakusogea kumshika.

"Geuza hiyo mingine," akamwambia, akionyesha tanuri kwa kidevu. "Itaungua."

Nati akapangusa uso kwa mkono wa blauzi, akachukua koleo la mbao, akafungua mlango wa tanuri.